Waya Unaotoka Chumbani kwa Mkwe

Selina Nakhungu Walubengo (Mama Viola),
Kochi la Dirishani, Sebuleni,
Nyumbani kwa mwanao Muturi,
KITALE.

Jumatano, Agosti 2006

Kwa Mama Muturi,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama,
KIMININI.

Mpendwa mkwe mwenzangu Nyaruai,

KUH: WAYA WA MWANAO NA HESHIMA YANGU ILIYO MASHAKANI

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi pamoja na goti langu. Goti linaendelea vizuri. Heshima yangu ndiyo inayougua, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Najua Kiminini si mbali, na ningeweza kumwomba Viola simu yake nikupigie. Lakini jambo lenyewe ni zito, na simu ya Viola hulia pii pii krediti ikikaribia kuisha. Sitaki malalamiko yangu yakatwe katikati. Isitoshe, mimi niliunganisha simu za watu pale posta ya Bungoma tangu nikiwa msichana hadi mashine zilipokuja zikachukua viti vyetu. Nyaya nimezishika maisha yangu yote ya kazi. Sijawahi kugombana na waya hata mmoja, mpaka nilipokutana na huu wa mwanao.

Nikukumbushe nilivyofika hapa, usije ukadhani nilijileta. Mvua ya Mei iliniangusha mlangoni pa jiko langu kule Kanduyi nikiwa nimebeba sufuria ya maharagwe. Maharagwe niliyaokoa. Goti halikuokoka. Viola akaja na gari la kukodi, akanipakia kama gunia, akasema, "Mama, huku nani atakuangalia? Twende Kitale, basi." Nilikataa katakata. Unajua kwetu Wabukusu mama mkwe halali kwa mkwewe. Hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, na chumba anacholala yeye na mkewe hata jicho halipaswi kupitia. Mambo huwa hivyo mpaka wazee wa pande mbili wakutane na kufanya ile sherehe ya kusalimiana. Sherehe yetu, Nyaruai, tumekuwa tukiipanga tangu harusi. Mara mahindi yanavunwa, mara kuna msiba, mara ninyi mko tayari sisi hatuko, mara sisi tuko tayari ninyi mmepotea. Kwa hiyo mimi na mwanao hatujawahi kushikana mikono hata siku moja.

Basi Viola akaigawa nyumba. Mimi nikapewa sebule na kile chumba kidogo kilicho kando yake. Muturi akapewa mlango wa nyuma, jikoni na chumba chao cha kulala. Nilidhani angesahau baada ya siku chache, maana kwenu hamna mambo haya makali. Nilikuona kwa macho yangu ukimkumbatia mume wa binti yako langoni, mbele ya watu na mbwa. Lakini Muturi alifundishwa desturi zetu na kaka yangu Hesbon Wakhungu, ambaye huzilinda utadhani alizitunga mwenyewe, na tangu hapo amezishika kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nikikohoa kwenye korido, yeye hutoka nje kwa dirisha. Sijamwona, nimesikia tu kishindo. Mwanamume mwenye duka la kutengeneza kompyuta mjini, watu wanamwita bosi, anaruka dirisha la nyumba yake mwenyewe na viatu mkononi kwa sababu mama mmoja amepaliwa na chai.

Baada ya hayo, naomba uyasikilize malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Waya wenyewe. Muturi alisikia kwa Viola kwamba nakaa kutwa nzima mbele ya televisheni yenye stesheni moja, na hiyo moja inanyesha theluji. Yeye ana kompyuta, na ndani ya kompyuta ameweka video za harusi yao na za kwaya yetu ya Kanduyi. Mkwe wa kawaida angeibeba kompyuta akaileta sebuleni. Lakini sebuleni nipo mimi, na kompyuta iko chumbani kwao. Basi mwanao akaamua kwamba ikiwa yeye hawezi kuja na kompyuta haiwezi kuja, picha zitakuja zenyewe. Akaunganisha waya nyuma ya kompyuta, akaupitisha chini ya mlango wa chumba chao, ukafuata korido, ukaingia sebuleni, ukazunguka kochi langu na kuingia nyuma ya televisheni. Kwa kweli ni nyaya tatu, wa njano wa picha, na mwekundu na mweupe wa sauti, zimefungwa pamoja kwa uzi kama fungu la sukuma wiki. Tangu siku hiyo mlango hata mmoja haufungiki katika nyumba hii. Baridi ya Kitale ya mwezi wa saba unaijua. Ilikuwa inapita chini ya mlango, inafuata waya kama inayoonyeshwa njia, na kuja kulala kwenye goti langu. Mimi ni mtu wa Bungoma. Sikuzoea kuvaa sweta mchana.

2. Njia ya waya. Hili ndilo lililonikosesha usingizi wa alasiri. Waya ulipita chini ya stuli ninayowekea mguu. Nilikaa nimeukanyaga kwa kisigino siku kadhaa, nikifurahia kwaya, kabla sijapata wazo la kumwuliza Viola unaanzia wapi. Akajibu bila hata kugeuka, "Si ni kwa bedroom, mama."

Nyaruai, niliuondoa mguu ule kama nimekanyaga kaa la moto, nikasahau kwamba una plasta ngumu ya hospitali. Hebu tufikiri pamoja kama watu wazima. Nilipokuwa posta, nikichomeka waya wa Bungoma kwenye tundu la Nairobi, mtu wa Bungoma alikuwa ameshafika Nairobi. Angeweza kumkaripia mdogo wake, kuposa mke, hata kulia, na hakuna aliyesema hakufika. Sasa kama kitu kinaanzia chumbani kwa mkwe wangu na kinaishia chini ya kisigino changu, mimi niko wapi? Niko chumbani kwake. Tena si kupita tu. Naamkia humo, nanywa chai humo, nafuma vitambaa vya kochi humo. Mama mkwe wa ukoo wetu hajawahi kufanya jambo la namna hii, na mimi nimelifanya nikiwa nimeketi.

Nilimtuma Viola akapeleke malalamiko. Badala ya kuutoa waya, mwanao aliupa njia nyingine. Akautoa nje kwa dirisha la chumbani, ukazunguka nyumba chini ya paa, ukapita jikoni, ukapita tangi la maji, ukaingia kwangu kwa dirisha la sebule, kama mgeni mwenye adabu anayezunguka badala ya kukatiza uani kwa watu. Nakiri nilipendezwa na hiyo heshima. Lakini sasa waya umekuwa mrefu mno, umeungwa katikati kwa utepe mweusi, na picha zinanifikia zimechoka. Rangi zote zinadondoka njiani. Kanzu za kwaya nilizishona mwenyewe kwa kitambaa chekundu cha rangi ya damu ya mzee, na zinanifikia zikiwa rangi ya jivu. Halafu Chesang wa nyumba ya pili akaona kamba nzuri imepita chini ya paa, akaanika blanketi. Siku hiyo waimbaji wote waliinama upande mmoja kama mahindi ya mashamba ya kule Kwanza baada ya mvua ya mawe, na soprano hawakuinuka mpaka blanketi likakauka.

3. Karata. Kwaya ikiisha, mwanao husahau kwamba kilicho mbele yake kiko mbele yangu pia. Hufungua mchezo wa karata, ule wa mtu kucheza peke yake. Kwa mkewe husema anafanya hesabu za wateja. Mimi ni mjane wa shemasi, na marehemu Walubengo hakuruhusu karata zivuke lango letu. Kwa hiyo nilifumba macho. Baadaye nikafumbua moja, nijue kama imekwisha. Kufikia jioni mchezo nilikuwa nimeuelewa wote, tena bila rangi, kwa kutazama tu maumbo ya moyo na ya maua.

Kusema kweli, malalamiko yangu si kwamba anacheza. Ni kwamba anacheza vibaya. Mwanao, mkwe mwenzangu, anaiacha saba ya moyo imekaa kama yatima, na nane ya maua iko palepale imefungua mikono kuipokea. Anazunguka, anatafuta kwingine, anarudi, haioni. Ulimlea kwa macho gani? Na mama mkwe hawezi kupiga kelele ukutani kumwambia mkwewe aangalie kushoto. Niliuma meno. Nilimeza mate. Mwishowe hasira ikanishinda, nikachukua gongo langu la kutembelea nikagonga sakafu. Kile kishale cha kompyuta kikasimama. Kikaanza kutembea polepole, kikapita kwenye mfalme, nikagonga mara mbili. Kikapita kwenye tisa, nikagonga mara mbili. Kikafika kwenye saba ya moyo, nikagonga mara moja, kwa nguvu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Hakuna aliyepanga wala kufundisha. Alasiri hiyo tulishinda. Nasema tulishinda kwa sababu sioni neno jingine la kutumia.

4. Viola. Siku iliyofuata binti yangu aliingia na chai tukiwa katikati ya mchezo. Nikaitupa leso yangu juu ya televisheni na kusema mwanga unaniumiza macho. Mimi niliyemzaa, niliyemchapa kwa kusema uongo, nilimdanganya kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumsalimu. Mambo yamezidi kuharibika. Siku hizi nikisikia malapa ya Viola yanatoka jikoni, nagonga mara tatu, na karata zinapotea na hesabu za wateja zinajaa kwenye kioo, safi kabisa. Viola husimama hapo na trei, anaitazama na kusema, "Mama, kwani hii hesabu inakufurahisha?" Namjibu kwamba nampenda mtu mwenye bidii. Huko ukutani nasikia mtu anakohoa ili asicheke. Hiyo ni njama, Nyaruai, na mwanao ndiye aliyeniingiza.

5. Maandishi. Asubuhi moja televisheni iliwaka bila kwaya. Kukatokea ukurasa mweupe, na herufi kubwa zikaanza kujitokeza moja moja: MAMA UMEAMKAJE. Niligeuka kuangalia nyuma yangu, kana kwamba kuna mama mwingine. Nikagonga mara moja. Kukaandikwa: CHAI IKO NA SUKARI YA KUTOSHA? Nikagonga mara mbili. Baada ya muda Viola akaja na bakuli la sukari, amenuna, anasema hajui nani amemwambia bwana yake kwamba mimi na daktari hatuelewani kuhusu sukari. Siku ya mawingu: MAMA MVUA INAKUJA NATOA WAYA KIDOGO. Ananiaga, Nyaruai, kama anayeenda safari. Na jua likirudi: NIMERUDI.

Uamuzi wa kisheria ni mgumu hapa. Desturi yetu inakataza kuangaliana, inakataza mikono, inakataza kula pamoja. Haikusema kitu kuhusu herufi kubwa. Wazee wetu hawakuiona kompyuta. Lakini nina hakika wangeiona wangeikataza, kwa hiyo najihesabu nimevunja sheria ambayo haijatungwa bado, na hilo ni kosa baya zaidi maana huwezi kujua faini yake.

Halafu siku moja aliandika: MAMA NIMEPATA KITU. NIWEKE? Nikagonga ndiyo bila kujua ni kitu gani. Ilikuwa video ya harusi yao, kipande ambacho hatukuwahi kuonyeshwa. Mpiga picha alikuwa amepita nyuma ya hema, na huko nyuma ya hema alikuwako Walubengo wangu, shemasi, adui wa karata na wa muziki wa dunia, amevua kofia na anacheza. Anacheza peke yake, mabega juu, akidhani hakuna anayemwona. Picha haikuwa na rangi, lakini lile koti nililijua kwamba ni la kahawia. Sikuwa nimemwona akitembea tangu tulipomzika. Mwanao aliuacha wimbo ukaisha, akaurudisha mwanzo, akaucheza tena. Hakuuliza niache au niendelee. Aliendelea kurudisha mpaka nilipogonga.

Naliandika hili kama lalamiko kwa sababu mama mkwe hapaswi kulia mahali ambapo mkwe wake anaweza kusikia anapenga kamasi. Nililia sana. Na nilifurahi, Nyaruai, nilifurahi kuliko siku nyingi. Sasa nimlaumu nani?

7. (Lalamiko la sita nimelifuta. Lilihusu sukari, na Viola alikuwa anachungulia begani kwangu.) La saba ndilo limenifikisha kwenye kalamu. Jumapili iliyopita kaka yangu Hesbon alikuja kuniona kutoka Kanduyi. Alikaa kwenye kochi kubwa, kofia juu ya goti, tukawa tunatazama kwaya kwa amani. Mwanao hakujua kwamba kuna mgeni. Katikati ya wimbo kwaya ikatoweka, na mbele ya macho ya mlinzi mkuu wa desturi za ukoo kukatokea: MAMA GOTI LINAENDELEAJE LEO?

Hesbon alivaa miwani. Akasoma kwa sauti. Akanigeukia na kusema, "Hii terevisheni inauriza goti ya nani?"

Na mimi, kwa mazoea tu, naapa ni kwa mazoea, nikagonga mara moja.

"Ati na wewe unaijibu?" akasema Hesbon. "Selina! Inakuuriza goti, na unaijibu?"

Mkwe kulitaja goti la mama mkwe, nadhani hata kwenu Kiminini mtu angeweka kikombe chini. Hesbon aliinuka. Aliushika waya nyuma ya televisheni na kuufuata kwa mkono, bila kuuachilia, kama mtu anayemfuata ng'ombe aliyepotea. Alitoka nje, akapita tangi, akapita jikoni, akainama chini ya blanketi la Chesang, akauliza hili blanketi ni la ukoo gani, akaendelea. Muturi alikuwa amesikia sauti ya mzee na nyayo zinazokuja, akafanya kile alichozoea kufanya. Hesbon alipofika mwisho wa waya, dirishani pa chumba cha kulala, alikutana uso kwa uso na mkwe wetu akishuka kinyumenyume, viatu mkononi.

Naambiwa Muturi alisema, "Habari ya mchana, mzee." Naambiwa pia Hesbon alijibu, kwa sababu amelelewa vizuri, na ndipo alipokumbuka kukasirika.

Alirudi sebuleni akatoa hukumu akiwa amesimama. Kwamba waya huo ni mlango, tena mlango usio na komeo. Kwamba mimi na mkwe wangu tumekuwa tukikaa pamoja na kuzungumza tangu mvua, bila mbuzi, bila wazee, bila haya. Kwamba utolewe. Na kwamba goti likiwa limepona kiasi cha kujibu maswali, basi limepona kiasi cha kurudi Kanduyi, kwa hiyo Jumamosi hii atakuja kunichukua. Plasta nilishatolewa na natembea kwa gongo moja.

Kwa sababu hizi zote, mkwe mwenzangu, nakuomba utumie mamlaka yako ya mama na ya mwenyekiti kufanya yafuatayo kabla ya Jumamosi. Mwite mwanao umkanye. Mwambie waya utolewe wote, uviringishwe, upelekwe dukani kwake mbali na heshima yangu. Ikishindikana, ukatwe hapo penye tangi la maji, nusu ibaki kwake na nusu ibaki kwangu, kila mtu akae na aibu yake. Na dirisha la chumba chao liwekwe vyuma, lisiwe tena njia ya kuondokea.

Usichelewe, kwa sababu jambo hili lina tabia ya kukua. Waya ulianza chini ya mlango, ukazunguka nyumba. Jana mwanao aliandika: MAMA KITALE NA KANDUYI NI UMBALI GANI KWA WAYA? Nadhani alikuwa anatania. Lakini alidhaniwa anatania pia aliposema atanionyesha kwaya bila kuingia sebuleni. Akiachwa, waya utatoka hapa, utapita Kiminini, utapita juu ya paa lako, Chesang atakuja mpaka kwako kuanika, utapita Webuye, utaingia Kanduyi kwa dirisha la jikoni, na mimi nitaulizwa habari za sukari nikiwa nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya kuku wangu. Hapo hata serikali haitaweza kututenganisha.

Nimeyasema haya bila chuki. Malezi uliyompa mwanao yana kasoro moja tu, nayo ni kwamba ukimwambia mtu huyu usikaribie, anatafuta njia ya kukaribia ambayo hukumkataza.

Nisalimie mumeo Mzee Ndung'u, umwambie zile mbegu za viazi zilishika vizuri kabla sijaanguka. Wasalimie akina mama wote wa kikundi, hasa yule aliyeniombea goti kwa sauti kubwa. Msalimie ng'ombe wenu aliyenikanyaga kwenye harusi, nimemsamehe. Viola anakusalimu ingawa hajui kwamba barua hii ni yako. Muturi angekusalimu pia, lakini sina namna ya kumwuliza, maana kugonga hakuwezi kuuliza.

Ni mimi, mkwe mwenzako mwenye heshima iliyobaki,

Selina Nakhungu Walubengo
(Mama Viola)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshailamba bahasha ndipo televisheni ikawaka. Naandika hili nyuma ya ukurasa, unisamehe mwandiko. Imeandikwa: MAMA, MZEE HESBON AMESEMA NITOE WAYA. NITOE?

Herufi zilikaa hapo zikisubiri. Gongo lilikuwa mkononi mwangu. Nimegonga mara mbili. Akaandika: SIJASIKIA VIZURI. Amesikia vizuri sana, kwa maana nilimsikia anacheka. Nimegonga mara mbili tena, na safari hii Chesang amepaza sauti kutoka kwake akiuliza ni ukuta gani unabomolewa.

Kwa hiyo usimkanye. Yafute niliyoyaandika kuanzia namba moja, ukipenda ubakishe lile la saba ya moyo, maana hilo bado linahitaji kusemwa. Badala yake, chukua Mzee Ndung'u mje hapa Ijumaa mchana. Hesbon nimempigia kwa simu ya Viola, nimemwambia aje siku moja mapema, sikumwambia kwa nini, na krediti imeisha kabla hajauliza. Mkija na mbuzi ni vizuri. Mkija bila mbuzi nitamwambia Hesbon kwamba mbuzi yuko njiani. Sherehe tumeiahirisha vya kutosha, na mimi Jumamosi naondoka. Vidole vya mwanao nimevisoma kwenye kioo tangu mvua mpaka sasa, Nyaruai. Nataka nivishike mara moja kwa mkono wangu kabla sijarudi nyumbani.